Mwanafunzi Mpya na Kijiji: Kujitolea Homa Bay na Migori tangu 1906

Katika nchi iliyo kusini mwa Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, nchi ambayo leo imegawanywa kuwa kaunti za Homa Bay na Migori, kijiji kilimtumikia mwanafunzi kabla mwanafunzi hajakitumikia kijiji. Karo, nauli, godoro na shati la kwanza jeupe vilitoka kwenye mifuko ya watu wengi, na wengi wa hao hawakujua kusoma. Kwa hiyo kujitolea kwa wanafunzi wa vyuo, ambako siku hizi huelezwa kana kwamba ni ukarimu wa vijana kwa jamii, katika sehemu hizi kulianza kama deni. Historia yake ni historia ya jinsi deni hilo lilivyowekwa, lilivyolipwa, na lilivyobadilika wenyeji walipoanza kupokea wanafunzi wasiowadai chochote.

Msingi wake ni wa zamani kuliko shule. Miongoni mwa Wajaluo kazi kubwa ya shamba ilifanywa kwa saga: mwenye palizi nyingi au nyumba ya kujenga aliwaita majirani, akawapikia na kuwawekea pombe, nao wakaimaliza kazi kwa asubuhi moja. Hakuna aliyelipwa fedha, lakini hakuna aliyesahau nani alikuja na nani alijificha. Aliyeitwa mara kadhaa asitokee aliachwa peke yake siku yake ilipofika. Kujitolea kwa namna hiyo hakukuwa jambo la hiari tupu, na hilo linafaa kukumbukwa katika kila hatua iliyofuata.

Shule iliingia kupitia kilima cha Gendia, karibu na Kendu Bay, mwishoni mwa mwaka 1906. Arthur Carscallen, Mkanada wa Kanisa la Waadventista wa Sabato, alifika huko pamoja na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland ambaye alikuwa amesoma Uingereza. Nyambo hutajwa kwa sentensi moja tu katika vitabu vingi, ingawa vijana wa Karachuonyo, nchi inayozunguka kilima hicho, waliokuja kuchungulia misheni walimwona Mwafrika mwenzao anayeshika kitabu kabla hawajashawishika kwamba jambo hilo linawezekana kwao. Wanafunzi wa mwanzo hawakuitwa kwa barua wala hawakufanya mtihani. Walipewa nafasi ya kulala, wakapewa jembe, na saa za kusoma zikagawana siku na saa za kulima na kujenga, kwa kuwa elimu ya Waadventista ilisisitiza tangu mwanzo kwamba mkono na akili vifundishwe pamoja. Mwaka 1913 Gendia ilipata mtambo wa kuchapisha vitabu, na baadhi ya vijana wakajifunza kazi hiyo.

Vijana hao waliitwa josomo, watu wa kusoma, na kusoma kwao kulikuja na wajibu. Mara kijana alipoweza kusoma sura chache za Injili na kuandika bila kutetereka, alitumwa kwenye shule ndogo za matawi, kibanda cha nyasi chenye ubao na benchi za miti, awafundishe wengine. Alilala kwa wenyeji, akala walichokula, na ujira wake, alipoupata, ulikuwa mdogo. Hapa ndipo kulipoonekana kwa mara ya kwanza mwanafunzi anayehudumia jamii akiwa bado mwanafunzi. Si wazee wote waliofurahi. Josomo waliokataa pombe hawakuweza kuita saga kwa desturi ya zamani, na baadhi yao walikuwa wepesi kudharau mila za waliowalisha. Miongo mitatu baadaye Paul Mboya, mchungaji wa Waadventista aliyekuwa chifu katika Karachuonyo, aliandika mila hizo kwa Kijaluo katika kitabu Luo Kitgi gi Timbegi, kilichochapishwa mwaka 1938.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilikatiza kazi hiyo kwa muda. Waingereza na Wajerumani walipigana Kisii mnamo Septemba 1914, vituo vya misheni vikaporwa, na wamisionari wakaondolewa. Baada ya vita, Kamagambo, ambayo sasa iko Kaunti ya Migori, ikawa kitovu cha Waadventista cha kufundisha walimu, nao Wakatoliki wa shirika la Mill Hill walikuwa na kituo chao Asumbi, kwenye barabara ya Homa Bay kwenda Rongo, ambayo hadi leo ina chuo cha ualimu. Kwa muda mrefu ualimu ndio uliokuwa chuo kikuu cha sehemu hizi: aliyetoka Asumbi au Kamagambo akiwa na cheti alirudi kijijini akawa mwandishi wa barua za wote, msomaji wa notisi za serikali, mweka hazina wa kanisa na mwamuzi wa magomvi ya mipaka, na kazi hizo zote hazikuwa na mshahara.

Serikali ya kikoloni ilijaribu kuugeuza wajibu huo kuwa mtaala. Mwaka 1925 ilifunguliwa Jeanes School huko Kabete, kwa mfano uliotoka kusini mwa Marekani, ili kufundisha walimu wa kutembelea shule za vijijini na kuhimiza vyoo, visima, bustani na usafi wa nyumba. Mwanafunzi wa Jeanes alipokelewa pamoja na mke wake, naye mke akafundishwa malezi na utunzaji wa nyumba. Miaka ya 1940 shule hiyo ilitumika pia kuwafunza wakaguzi wa afya, na mmoja wao alikuwa kijana ambaye ukoo wake ulitoka kisiwa cha Rusinga, Thomas Joseph Mboya.

Tom Mboya alizaliwa mwaka 1930 Kilima Mbogo, mbali na ziwa, ambako baba yake alifanya kazi katika shamba la mkonge. Kazi ya kukagua vyoo na nyama ilimwingiza katika Halmashauri ya Jiji la Nairobi, na kutoka huko akaingia katika vyama vya wafanyakazi, kisha siasa. Katika mwaka wa masomo wa 1955 hadi 1956 alisoma Ruskin College, Oxford. Kwa historia hii jambo lake kubwa ni ndege ya Septemba 1959, iliyowachukua wanafunzi 81 kutoka Nairobi kwenda New York. Nauli ilitolewa na African American Students Foundation, shirika lililochangisha fedha Marekani kwa msaada wa watu kama Harry Belafonte, Jackie Robinson na Sidney Poitier, na mwaka uliofuata familia ya Kennedy ikatoa dola 100,000. Hadi mpango ulipokwisha mwaka 1963, wanafunzi karibu 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamekwenda kwa njia hiyo.

Kinachosahaulika ni kwamba ndege ilikuwa nusu tu ya gharama. Mwanafunzi alitakiwa ajitafutie chuo na ufadhili, na awe na fedha za matumizi mkononi. Fedha hizo zilichangwa nyumbani, katika mikutano ya chai na dansi za kuchangisha, shilingi moja moja, na mara nyingine kwa kuuza ng'ombe. Watu walimchangia mtoto wa jirani kwa matumaini ambayo hayakuandikwa popote lakini yalieleweka na kila mtu. Siku za kwanza za wanafunzi hao zilikuwa ngumu: baridi, chakula kisicho na ugali, na katika baadhi ya majimbo ubaguzi wa rangi wa wazi uliowashangaza watu waliodhani wameuacha Kenya. Barack Obama, baba wa rais wa Marekani mwenye jina hilo na mzaliwa wa Kanyadhiang karibu na Kendu Bay, alikwenda Hawaii mwaka huo huo wa 1959, ingawa hakuwa ndani ya ndege ya wale 81. Gharama zake za mwanzo zilipatikana kwa njia nyingine. Waliorudi baada ya uhuru waliingia wizarani na vyuoni, na deni lao kwa vijiji likalipwa kwa namna waliyoijua: kila mwenye mshahara Nairobi alisomesha wadogo zake, na binamu, na mtoto wa jirani aliyechanga. Tom Mboya aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akazikwa Rusinga.

Baada ya uhuru mchango ulipata jina la kitaifa. Jomo Kenyatta alipoitoa harambee kama wito wa nchi mwaka 1963, Nyanza Kusini, kama sehemu hizi zilivyoitwa wakati huo, haikuhitaji kufundishwa jinsi ya kuchanga. Ilichohitaji ni shule. Shule za sekondari za harambee zikachipuka kila tarafa, zenye kuta nzuri na walimu wachache. Pengo hilo lilizibwa na vijana waliomaliza kidato cha nne au cha sita na kungoja matokeo au nafasi ya chuo. Walifundisha bila mafunzo, wakiitwa walimu wa UT (untrained teachers), kwa posho iliyotoka kwa wazazi na iliyochelewa kila muhula. Hakuna sherehe iliyofanywa kwa ajili yao, na ripoti za serikali huwataja kama upungufu wa kurekebishwa. Hata hivyo, miezi hiyo darasani pengine ndiyo huduma kubwa zaidi ambayo wanafunzi wapya wa vyuo wamewahi kuitoa katika kaunti hizi mbili, na waliitoa kabla ya kuingia chuoni. Desturi hiyo haijakwisha. Leo vijana wa namna hiyo huajiriwa na bodi za shule.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wito wa harambee ulipanda kutoka sekondari hadi vyuo vya ufundi, na mikoa ikashindana kuvijenga. Nyanza Kusini ilipata chake baadaye, Moi Institute of Technology huko Rongo, katika ukanda wa miwa ambao ulikuwa umepata kiwanda cha sukari cha Sony kule Awendo. Wenyeji walitoa michango kwa matumaini kwamba watoto wao hawatahitaji tena kwenda mbali kutafuta ufundi.

Wakati huohuo serikali ilikuwa na wazo jingine kuhusu siku za kwanza za mwanafunzi. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, na kuanzia mwaka 1984 kila aliyeitwa chuo kikuu cha umma alipaswa kupitia kwanza kwenye mafunzo ya Huduma ya Vijana kwa Taifa, kwa miezi mitatu, hasa Gilgil. Kijana wa Ndhiwa au Uriri aliyekuwa amesindikizwa na kijiji kizima alijikuta kwanza uwanjani, akifanya gwaride na kushika jembe chini ya amri. Lengo lililotangazwa lilikuwa nidhamu, uzalendo na kujitolea kwa ajili ya taifa. Mpango huo uliachwa mwaka 1990. Kosa lake halikuwa jembe, kwa kuwa vijana hao walilijua jembe tangu utotoni. Lilikuwa kwamba huduma ilitolewa kwa dola iliyowashuku, mbali na watu waliowachangia.

Tanzania ilikuwa imepita njia hiyo mapema zaidi. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, na Rais Nyerere akawafukuza karibu 400. Mgogoro wenyewe ulihusu mishahara na makato, lakini swali lililokuwa chini yake lilikuwa la deni: msomi anadaiwa na nani, na nani ana haki ya kukusanya? Nyerere alijibu kwamba mdai ni taifa. Huku Nyanza Kusini jibu la kimya lilibaki kuwa ukoo, kanisa na kijiji.

Kisha ukaja UKIMWI. Mgonjwa wa kwanza nchini Kenya alitambuliwa mwaka 1984, na janga likatangazwa kuwa la kitaifa mwaka 1999. Hakuna sehemu iliyoumia kama fukwe za ziwa na miji ya barabara kuu ya Migori. Hata katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018, Homa Bay ilikuwa na kiwango cha maambukizi cha asilimia 19.6 ya watu wazima, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 4.9. Hospitali ya Homa Bay ilianza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi bila malipo mwaka 2001 kwa msaada wa Médecins Sans Frontières, mapema kuliko karibu hospitali zote za umma nchini, lakini mwenye kuishi mbali na lami bado alifia njiani. Mfumo wa mchango ulipasuka katikati. Wachangaji wakuu, watu wazima wenye mishahara na ng'ombe, ndio waliokufa. Nyanya walibaki na wajukuu, na harambee nyingi zikawa za mazishi.

Katika miaka hiyo ndipo lilipotokea tukio linaloonyesha deni lote kwa ukamilifu. Lwala ni kijiji cha Kamagambo Kaskazini, karibu na Rongo, ambacho hakikuwa na umeme wala hospitali. Milton Ochieng', kijana wa hapo, alipata nafasi na ufadhili katika Dartmouth College, Marekani, lakini hakuwa na nauli. Wanakijiji waliuza kuku na ng'ombe mpaka zikapatikana dola 900 za tiketi. Ombi lao lilikuwa moja, kwamba asiwasahau. Ndugu yake Fred alimfuata baadaye katika chuo hichohicho. Akiwa mwanafunzi, Milton alikwenda Nicaragua na kundi la wanafunzi wa Dartmouth waliojitolea katika mradi wa afya, na huko akaona zahanati ndogo ikisimama kwa mikono ya watu wasio na fedha nyingi.

Jinsi mambo yalivyopishana haikosi maana. Kijana wa Lwala alijifunza kujitolea kwa mtindo wa vyuo vya Marekani, yaani kwenda ng'ambo kuwajengea watu asiowajua, na akaugeuza mtindo huo uelekee nyumbani kwa watu aliowajua kwa majina. Baba yake alikuwa ameanza mpango wa zahanati kabla ya kuugua. Wazazi wote wawili walifariki kwa UKIMWI watoto wao wakiwa masomoni. Ndugu hao, wakiwa bado wanafunzi, walichangisha fedha katika vyuo, makanisa na shule za Marekani, na zahanati ikafunguliwa mwaka 2007. Filamu iitwayo Sons of Lwala ilisimulia habari hiyo mwaka uliofuata.

Kilichofuata baada ya filamu hakisimuliwi sana, nacho kina uzito kuliko filamu yenyewe. Shirika la Lwala Community Alliance halikutegemea wageni wa kujitolea. Liliwaendea wakunga wa jadi, wanawake ambao maofisa wa afya walikuwa wamezoea kuwakemea, likawapa mafunzo na kuwalipa ili wawatembelee waja wazito na watoto na kuwapeleka hospitalini kujifungua. Kulipa ndilo jambo lililoleta ubishi. Kwa miaka mingi sera ya Kenya, tangu mkakati wa afya ya jamii wa mwaka 2006, iliwategemea wahudumu wa kujitolea wasio na mshahara, wengi wao wanawake maskini, huku mwanafunzi wa chuo aliyekuja kwa wiki mbili akiondoka na cheti na barua ya sifa. Ni mwaka 2023 tu ambapo serikali kuu na kaunti zilianza kuwalipa wahudumu wapatao 100,000 nchini kote posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kwa nusu.

Wakati huo chuo kikuu kilikuwa kimehamia nyumbani. Chuo cha ufundi cha Rongo kiligeuzwa kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2011, kikapewa hati ya kujitegemea mwaka 2016. Mwaka huohuo mjini Homa Bay kikaanzishwa chuo kishiriki cha Maseno chenye jina la Tom Mboya, nacho kikapata hati yake mwaka 2022. Badiliko hili liligusa kiini cha jambo. Tangu sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2012, wanafunzi wanaofadhiliwa na serikali hupangwa kwa mtandao na shirika la KUCCPS, kwa hiyo anayeshuka stendi ya Rongo au Homa Bay Septemba na sanduku lake anaweza kuwa ametoka Kitui, Kilifi au Turkana. Hajui Kijaluo. Hajawahi kula omena, dagaa wa ziwani. Kijiji kilichomchangia kiko mbali kwa siku nzima ya basi.

Siku zake za kwanza ni za foleni: usajili, vyeti, uthibitisho wa malipo, mkopo wa HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu), kitambulisho, kisha wiki ya kuelekezwa ambamo wakuu wa idara na viongozi wa wanafunzi huzungumza mfululizo. Vitanda vya chuo havitoshi, kwa hiyo wengi hupanga vyumba nje. Mwenyeji wake wa kweli ni mwenye nyumba, muuza mboga na mwendesha boda. Hao humfundisha salamu za kwanza za Kijaluo na bei halisi ya samaki, na mara nyingi humkopesha sukari mkopo wa HELB unapochelewa. Kwa namna fulani jamii imeendelea kutangulia kumhudumia mwanafunzi, ila sasa ni mwanafunzi wa watu wengine.

Huduma anayoirudisha hupitia vyombo rasmi. Vyama vya Kikristo vya wanafunzi huandaa misheni za likizo, wakihubiri mchana na kufundisha watoto. Vilabu vya Msalaba Mwekundu hufundisha huduma ya kwanza, na vingine hupanda miti au husafisha soko. Kati ya hayo yote, kutoa damu ndiko kunakohesabika zaidi hospitalini. Ukanda wa ziwa una malaria nyingi na ugonjwa wa selimundu, yote mawili yenye kumaliza damu ya watoto, na benki za damu za Kenya kwa miaka mingi zimewategemea wanafunzi wa sekondari na vyuo kuliko kundi jingine lolote. Shule zinapofungwa, akiba ya damu hupungua. Zilipofungwa kwa miezi mwaka 2020 upungufu huo ulionekana nchini kote.

Katika masomo ya afya, kwenda kwa jamii ni sehemu ya shahada. Kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilipoanza karibu mwaka 1990 kilijengwa juu ya mpango wa COBES, unaompeleka mwanafunzi vijijini kuanzia mwaka wa kwanza, kabla hajajua dawa yoyote. Hapo anapima kina cha visima, anahesabu vyoo na kuuliza maswali, akiwa na dodoso mkononi. Vyuo vingine vya nchi viliiga kwa viwango mbalimbali, na wanafunzi wa matawi ya Kenya Medical Training College ya Homa Bay na Migori hufanya mazoezi ya nyanjani ya namna hiyo. Mwanafunzi huyo haingii bomani peke yake. Hutangulizwa na mhudumu wa afya ya jamii, kwa kawaida mama wa kijiji hicho, ambaye hupiga hodi, huomba ruhusa kwa mwenye boma, na huamua ni maswali gani kati ya yaliyomo katika dodoso hayafai kuulizwa siku hiyo.